Namba Mbili na Mizigo Yake

Ukiondoa mapambo yote, kinachohitaji kuvuka kutoka kwenye kompyuta hadi GPS ya mkononi ni namba mbili: latitudo na longitudo. Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, alitangaza namba hizo kwenye intaneti na kuwaachia wengine waitafute. Siku hizo hizo za mwanzo wa Mei, kwa agizo la Rais Bill Clinton, Marekani ilikuwa imezima upotoshaji wa makusudi uliowekwa kwenye mawimbi ya GPS ya kiraia. Kosa la mita 100 hivi likashuka hadi mita 10 au 20, na Ulmer alitaka kuona kama mtu asiyemjua angeifikia ndoo kwa kufuata namba tupu. Mike Teague aliifikia ndani ya siku chache. Hapakuwa na faili, programu wala waya; namba zilisomwa kwenye skrini, zikaingizwa kwenye kipokezi kwa kubonyeza vitufe.

Mchezo huo sasa unaitwa jiokashi, na makasha yaliyofichwa duniani yamepita milioni 3. Swali la kuyatoa kwenye kompyuta mpakato na kuyaingiza kwenye kipokezi limekuwa na majibu mengi kadiri miaka ilivyopita, na wengi hulichukulia kuwa swali la waya: waya upi, tundu lipi, draiva gani. Kwa maoni yangu waya ndiyo sehemu nyepesi. Namba mbili huvuka karibu kila mara. Kinachodondoka njiani ni mizigo inayozifuata, yaani jina, kidokezo, maegesho ya gari, habari kwamba kasha lilishaondolewa mwezi uliopita. Na njia mpya zaidi, zile zisizotaka waya kabisa, zimeleta upotevu wa namna nyingine: mtu hashiki tena faili lake.

Tuanze na njia ya kwanza, ya kidole, kwa sababu bado ipo na bado inadanganya. eTrex ya manjano, ambayo kampuni ya Garmin iliitoa mwaka 2000 na ambayo iliwaingiza wengi kwenye mchezo, ilikuwa na vitufe vitano ubavuni na haikuwa na kibodi. Kila tarakimu ilitafutwa kwa kupanda na kushuka, ikathibitishwa, ndipo ukaiendea nyingine. Viwianishi vya kasha moja la Oregon vina tarakimu 15. Ukikosea ya mwisho ya latitudo kwa moja, umehama mita 1.85, na hakuna mtafutaji atakayelalamika. Ukikosea ya kwanza baada ya nukta, umehama mita 185. Ukikosea iliyo kabla ya nukta, uko karibu kilometa mbili kutoka kwenye kasha, pengine ng'ambo ya mto.

Kosa la kidole, hata hivyo, lina afadhali. Ukirudia kusoma utaliona. Baya zaidi ni la mpangilio. Jiokashi huandika viwianishi kwa digrii na dakika zenye desimali: ndoo ya Ulmer ilikuwa N 45° 17.460. Aliyezoea digrii, dakika na sekunde akasoma hiyo kama dakika 17 na sekunde 46, amejipeleka mita 570 hivi kaskazini ya ndoo, na kila anaporudia kusoma ataona namba zile zile na kuridhika.

Halafu kuna datumi, yaani lile umbo la dunia ambalo ramani imelikubali kuwa msingi wa vipimo vyake. GPS hupiga hesabu kwa WGS 84. Ramani za zamani za serikali za Afrika Mashariki zenye skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa Arc 1960, iliyojengwa juu ya umbo la Clarke 1880, na katika eneo letu tofauti ya hizo mbili ni kama mita 300, sehemu yake kubwa ikiwa kaskazini-kusini. Mpima ardhi au mwongoza watalii aliyekiweka kipokezi chake kwenye Arc 1960 ili kilingane na ramani ya karatasi, kisha akaingiza kwa kidole viwianishi vya kasha, anatumwa mita 300 pembeni bila onyo lolote. Kanuni za mchezo zinataka makasha yatengane kwa angalau mita 161. Kwa kosa la mita 300, mtu anaweza kabisa kujikuta amepiga magoti mbele ya kasha asilolitafuta.

Hapo ndipo faili linapojipatia sifa yake ya kwanza, kabla hata ya kasi. Ndani ya faili la GPX viwianishi huandikwa kwa digrii za desimali na kwa WGS 84 peke yake. Mwenye kipokezi akitaka kuviona kwa Arc 1960 au kwa sekunde, hiyo ni kazi ya skrini. Namba zilizo chini haziguswi. Hatari inayobaki ni alama ya kutoa, inayosimama mbele ya namba za kusini na za magharibi. Dar es Salaam iko latitudo -6.8. Alama hiyo ikidondoka kwenye jedwali alilolitunga mtu mwenyewe, kasha la Kariakoo linahamia nyanda za juu za Ethiopia.

Mafaili ya mwanzo yalikuwa membamba. LOC, lililotokana na programu ya EasyGPS ya kampuni ya TopoGrafix, lilibeba msimbo wa kasha, jina, namba mbili na kiungo cha ukurasa wake. Basi. Mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilitoa GPX, muundo wa wazi ulioandikwa kwa XML, na toleo lake la 1.1 la mwaka 2004 halijapata mrithi. Nguvu ya GPX iko katika tabia moja ya XML: anayeandika anaruhusiwa kuongeza vitambulisho vyake, na anayesoma asiyevijua anaviruka tu. Groundspeak, kampuni ya Seattle iliyo nyuma ya Geocaching.com, tovuti aliyoifungua Jeremy Irish mwezi Septemba 2000, iliutumia mwanya huo kupachika vyote vinavyomfaa mtafutaji: ugumu wa kasha na wa ardhi kwa kipimo cha 1 hadi 5, ukubwa, maelezo marefu, kidokezo, taarifa tano za mwisho za waliokwenda. Wanachama wa kulipia wakaweza kuagiza faili moja lenye makasha hadi 1,000, liitwalo Pocket Query, likiwa limefungwa kwa zipu. Asiyelipa, kwa miaka mingi, aliachiwa LOC.

Lakini kubeba si kupokelewa. Vipokezi vya wakati huo vilijua alama za njia tu, na alama ya njia ilikuwa na jina fupi, namba mbili, picha ndogo na mstari mmoja wa maelezo. eTrex ya manjano ilihifadhi alama 500, kila moja ikiwa na jina la herufi sita. Sita zilitosha mwanzoni. Misimbo ya makasha huanza na GC, na makasha 65,535 ya kwanza yalihesabiwa kwa mfumo wa tarakimu 16, hadi GCFFFF. Baada ya hapo mfumo ukabadilishwa kuwa wa alama 31, ukiacha I, L, O, S na U ambazo jicho huzichanganya na nyingine, ili misimbo iendelee kutoshea kwa miaka mingine. Ulipofika GCZZZZ, uliofuata ukawa GC10000, wenye herufi saba, na vipokezi vya zamani vikaanza kukata mkia. Makasha yaliyotofautiana kwa herufi ya mwisho tu yakawa na jina moja, na jina likishakuwa moja, linaloingia hulifuta lililotangulia. Watu wa programu walilitatua kwa kuondoa GC ya mbele kabla ya kutuma, kwa kuwa kila kasha linayo na haimwambii mtu kitu. Ni suluhisho dogo, ila ndiyo sura halisi ya kazi hii: anayetuma anaamua nini kitupwe, kwa sababu anayepokea hana nafasi.

Waya wa wakati huo nao ulikuwa na mambo yake. Plagi ya upande wa GPS ilikuwa ya Garmin peke yake, na ya upande wa kompyuta ilikuwa ya tundu la siriali, ambalo kompyuta mpakato ziliacha kuwa nalo miaka michache baadaye. Ikabidi kununua kigeuzi cha siriali kwenda USB. Vigeuzi vingi vya bei poa vilikuwa na chipu za kughushi za PL2303, na draiva mpya za Windows zilipojifunza kuzitambua, zikazikataa. Mwenye kifaa aliona alama ya njano kwenye orodha ya vifaa na kudhani GPS imekufa. Kasi ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde, sawa na baiti 960 hivi. Kwa alama za njia zilizopunguzwa hadi mifupa, hiyo haina neno. Mia tano zingevuka ukiwa unafunga kamba za viatu. Faili kamili la Pocket Query lenye megabaiti tano, lau kipokezi kingelikubali, lingetumia karibu saa moja na nusu. Kwa hiyo uchache wa kumbukumbu na wembamba wa waya vilikubaliana kuwa maneno yabaki nyumbani.

Na maneno yalibaki kweli. Watafutaji wa miaka hiyo walitembea na bahasha ya karatasi zilizochapwa, au na kompyuta ya mfukoni ya Palm yenye programu ya CacheMate. GPS mkono mmoja kwa ajili ya namba, Palm mkono wa pili kwa ajili ya habari, na mtu akisimama kwenye mvua akijaribu kukumbuka ni kipi kisichovumilia maji. Kidokezo kilichapwa kwa ROT13, ile mbinu ya kubadilisha kila herufi na iliyo nafasi 13 mbele yake, na kikafumbuliwa kwa kalamu juu ya goti.

Katikati ya waya na karatasi zilisimama programu mbili ambazo bila hizo mchezo ungewachosha wengi mapema. GPSBabel, iliyoanzishwa na Robert Lipe na ambayo ni huru, hufanya jambo moja: husoma muundo mmoja na kuandika mwingine, iwe faili kwa faili au faili kwa kipokezi, hata cha siriali. GSAK, ya Windows, ni hifadhidata: inapokea mafaili ya Pocket Query wiki baada ya wiki, inayaunganisha, inachuja, kisha inatuma. Ilikuwa GSAK iliyowafundisha watu kwamba orodha iliyoko kwenye kompyuta ndiyo asili na iliyoko kwenye kipokezi ni nakala ya muda. Somo hilo halijachakaa.

GPSMAP 60CSx ya mwaka 2006 ilikuwa na USB, lakini USB ya lugha ya Garmin yenyewe, inayotaka draiva yake, na ilipokea alama 1,000 tu. Waliotaka zaidi waliyageuza makasha kuwa vituo vya ramani kwa programu ya POI Loader, ambavyo kikomo hicho hakikuvihusu, na wakasokomeza kidokezo na sehemu ya maelezo humo humo. Ujanja mzuri, wenye gharama yake: kituo cha ramani huwezi kukiwekea alama kwamba umekipata.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja mwaka 2008 na vipokezi vya Garmin viitwavyo Colorado, kisha Oregon, na baadaye GPSMAP 62 na eTrex 10, 20 na 30. Vipokezi hivi vikichomekwa kwenye kompyuta hujitokeza kama flashi. Hakuna draiva, hakuna lugha ya siri. Unafungua folda ya Garmin, ndani yake folda ya GPX, unanakili faili, unachomoa. Kipokezi kinapowaka kinalisoma faili zima, na vitambulisho vya Groundspeak vilivyokuwa vikirukwa sasa vinaeleweka: maelezo, kidokezo, ugumu, taarifa za waliotangulia, vyote kwenye kioo kimoja. Bahasha ya karatasi ikabaki nyumbani pamoja na Palm. Sioni njia iliyobuniwa kabla au baada ya hapo inayoishinda hii, na sababu yangu si urahisi peke yake. Kunakili faili kwenye folda ni kitendo ambacho kila kompyuta inakiweza, ya mwaka wowote, ya mfumo wowote, bila intaneti na bila akaunti ya mtu.

Hata hivyo folda hiyo ina mitego, na ni vizuri kuitazama kwa karibu, maana ndiyo inayowasumbua watu leo wakidhani tatizo ni waya.

Wa kwanza ni kweli waya. Waya nyingi za USB zinazozagaa majumbani ni za kuchajia tu. Zimeachwa bila nyuzi za data. GPS inawaka, betri inaonyesha umeme unaingia, kompyuta haioni kitu. Kabla ya kusakinisha programu yoyote, badilisha waya.

Wa pili umefichwa ndani ya zipu. Pocket Query hufunguka kuwa mafaili mawili: moja la makasha, na jingine ambalo jina lake linaishia na "-wpts", lenye maegesho, mianzo ya njia na vituo vya makasha ya hatua nyingi. Anayenakili la kwanza peke yake atafika kwenye uzio wa nyuma wa msitu, aone kasha liko mita mia nne ndani, asijue kwamba mwenye kasha alikwisha kueleza lango liko wapi.

Wa tatu ndio ninaouona mbaya zaidi kwa kuwa haupigi kelele. Pocket Query haitaji makasha yaliyofutwa. Yanaacha tu kuonekana kwenye orodha. Ukinakili faili la wiki hii kando ya la mwezi uliopita, kasha lililoondolewa linaendelea kuishi katika faili la zamani, na kipokezi kinakuonyesha yote kwa usawa. Mtu anazunguka mti kwa nusu saa akitafuta kitu kilichochukuliwa na mwenyewe. Dawa ni kufuta la zamani kabla ya kuweka jipya, na kwa hifadhidata kama GSAK, kuyatilia shaka makasha ambayo hayajaguswa na faili jipya. Kuongeza ni rahisi sana kwenye folda, na urahisi huo ndio mtego.

Kufuta kwenyewe kuna kisa chake kwa wenye macOS. Ukifuta faili kwenye flashi kwa njia ya kawaida, linapelekwa kwenye pipa la taka lililofichwa ndani ya flashi hiyo hiyo. Nafasi hairudi mpaka umwage pipa GPS ikiwa bado imechomekwa. Mfumo huo pia huacha vifaili vidogo vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, ambavyo baadhi ya vipokezi hujaribu kuvisoma kana kwamba ni GPX. Mfumo wowote uutumiao, chomoa kwa utaratibu. Kompyuta huweza kusema imemaliza kuandika huku sehemu ya faili ingali kwenye kumbukumbu yake, na faili lililokatika katikati linaweza kukigandisha kipokezi kila kinapowaka. Ndiyo maana wazoefu wengi huweka mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya folda ya jina lile lile: likiharibika, unaitoa kadi, na kipokezi kinaendelea.

Mafaili ya kutunga kwa mkono nayo yana ajali zake. Alama ya & ndani ya jina, ikiandikwa ilivyo bila kugeuzwa kuwa & kama XML inavyotaka, hulifanya faili zima lisisomeke, si kasha hilo moja.

Kikomo cha idadi hakikutoweka, kilisogea. Oregon 300 ilikubali makasha 2,000. Penye makasha machache hiyo ni nchi nzima na chenji inabaki, lakini Ujerumani au pembezoni mwa Seattle ni matembezi ya mwisho wa wiki. Mwaka 2013, kizazi cha Oregon 600, ukaja muundo wa GGZ: mafaili ya GPX yamefungwa kwa zipu pamoja na faharasa, kipokezi kinasoma faharasa na kufungua tu makasha yaliyo karibu. Makasha kwa makumi ya maelfu yakaingia. Swali likageuka: kwa nini uyabebe yote? Anayepakia nchi nzima anapakia pia uchakavu wa nchi nzima, na kila kasha lililo ndani linaanza kuzeeka siku ile ile lilipopakuliwa. Afadhali mia mbili za jana kuliko elfu ishirini za mwaka jana.

Jambo moja halitatuliwi na waya wala folda. Makasha ya mafumbo, yenye alama ya kuuliza, huonyesha kwenye ukurasa wake viwianishi vya uongo, kwa kawaida ndani ya kilometa tatu hivi kutoka mahali halisi; mtafutaji hufumbua ndipo apate namba za kweli. Aliyefumbua kwenye karatasi na asizisahihishe namba hizo kwenye ukurasa au kwenye hifadhidata yake kabla ya kutuma, atatumiwa uongo ule ule kwa uaminifu mkubwa.

Sasa njia fupi. Garmin ilitoa programu-jalizi ya kivinjari iliyoitwa Communicator, na kwenye ukurasa wa kasha kikawepo kitufe cha kutuma moja kwa moja kwenye GPS. Bonyeza, limeingia. Watu wengi walianza mchezo na kitufe hicho na hawakuwahi kujua kuwa kuna folda. Kisha vivinjari vikaanza kuziondoa programu-jalizi za aina ile kwa sababu za usalama, Chrome ikikata kabisa mwezi Septemba 2015 na Firefox ikifuata 2017. Kitufe kikafa. Kipokezi kilikuwa kizima, waya mzima, faili lipo. Waliokwama ni wale waliojifunza kitufe bila kujifunza kilichokuwa kikifanywa na kitufe.

Awamu ya leo inafanana na hiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. GPSMAP 66 ya mwaka 2018 huweza kuchukua makasha moja kwa moja kutoka Geocaching.com kwa kupitia simu au Wi-Fi, pamoja na taarifa za karibuni, na kompyuta mpakato haina nafasi tena katika hadithi. Kwa kasha lililofutwa asubuhi hii, hakuna faili la GPX linaloweza kushindana na njia hiyo. Nakubali kabisa. Lakini angalia inachotaka: akaunti, seva iliyo hai, kampuni mbili zinazoendelea kuelewana, na mtandao mahali ulipo. Tarehe 23 Julai 2020 Garmin ilishambuliwa na wadukuzi wanaofunga data ili walipwe fidia, na huduma zake za intaneti zikalala kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na GPX kwenye folda hakuhitaji kujua kwamba limetokea jambo.

Kuna atakayeuliza kama GPS ya mkononi ina maana yoyote wakati simu inafanya yote haya. Mjini, kwa wengi, haina. Mtu mwenye simu na programu ya jiokashi hahitaji kusoma makala hii. Maana yake inaanza pale mnara wa simu unapoishia. Betri mbili za kawaida za kununua dukani zinaiendesha eTrex kwa zaidi ya saa 20, kioo chake kinasomeka vizuri zaidi jua likiwa kali, na ikianguka mtoni unaiokota na kuendelea. Anayeichagua amechagua kutokuwa na mtandao, na ni ajabu kidogo kumuuzia njia ya kujaza makasha inayodai mtandao kwanza.

Ustadi huo huo wa faili na folda umetumika katika kazi zisizo mchezo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea vichochoroni na GPS za mkononi, wakakusanya visima, zahanati, shule na njia, kisha wakayahamishia kwenye kompyuta na kuyachora katika OpenStreetMap. Mradi huo ndio Map Kibera. Mwelekeo ulikuwa kinyume, kutoka kipokezi kwenda kompyuta, lakini nidhamu ni ile ile: jina linaloeleweka, nakala kabla ya kufuta, na tarehe.

Mwelekeo huo wa kurudi unasahaulika pia katika jiokashi. Vipokezi vya kizazi cha flashi, kila unapoweka alama kwamba umelipata kasha, huandika mstari katika faili liitwalo geocache_visits.txt ndani ya folda ya Garmin: msimbo, tarehe na saa, umepata au hukupata, na maneno uliyoandika. Ukilipakia kwenye tovuti, yanakuwa rasimu za taarifa zako. Faili limeandikwa kwa UTF-16, kwa hiyo programu za maandishi za zamani zinaweza kulionyesha kama takataka. Usilihifadhi upya kutoka humo. Saa zake ni za UTC. Mkazi wa Oregon aliyepata kasha saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi atakuta faili linasema saa saba usiku wa siku inayofuata, na programu isiyogeuza majira itamwandikia siku ambayo hakwenda. Faili halijifuti pia. Linaongezeka tu, na ukilipakia zima kila mara, unamtumia mwenye kasha shukrani za mwaka juzi.

Tarehe zenyewe ziangaliwe kwa vipokezi vikongwe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma hadi 1,024 kisha huanza upya, na tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ilirudi sifuri kwa mara ya pili. Baadhi ya vipokezi ambavyo watengenezaji hawakuvipa tena masasisho viliendelea kuonyesha mahali kwa usahihi, lakini kalenda yake ikarudi nyuma karibu miaka 20. Kasha lililopatikana siku iliyofuata likaja kwenye kompyuta na tarehe ya Agosti 1999, miezi minane kabla Ulmer hajaificha ndoo yake. Tarehe hiyo irekebishwe kwenye rasimu, kabla ya kutumwa.